Daftari la Muuguzi Lisihame na Muuguzi

Ukipanda matatu mjini Machakos kuelekea Wote, ukakipita kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani na kuanza kupanda milima, umeingia Kalama. Ni nchi ya matuta yaliyochimbwa miinukoni, mito ya mchanga, na masoko madogo kama Kola, Muumandu na Kyangala. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walio Nairobi wanakufahamu huko kwa mwisho wa wiki na wakati wa Krismasi tu. Lakini ndiko wazazi wetu waliko, na ndiko wanakopimwa shinikizo la damu na sukari, katika zahanati ambazo aghalabu huwa na muuguzi mmoja au wawili.

Leo nataka kuzungumza juu ya daftari.

Mama yangu ana shinikizo la damu. Kwa miaka kadhaa alihudumiwa na muuguzi mmoja katika zahanati ya upande huo, ambayo sitaitaja jina. Muuguzi huyo, ambaye wagonjwa wote walimwita "daktari", alikuwa na daftari nene lenye jalada la karatasi ya kalenda ya zamani. Humo aliandika kila alichojifunza kazini: namna ya kuliwasha tena jokofu la chanjo moto wa gesi unapozimika, nambari ya dereva wa ambulensi anayepokea simu usiku, vijiji vinavyokatika mvua inaponyesha na mto kufurika, dawa gani ilimdhuru nani na ilibadilishwa kwa nini. Daftari lilikuwa lake. Alilinunua kwa pesa zake mwenyewe. Alipopewa uhamisho aliondoka nalo, kama ilivyokuwa haki yake.

Aliyechukua nafasi yake ni kijana mwenye bidii na adabu, wala sina ugomvi naye. Katika wiki yake ya pili alimpa mama enalapril, dawa nzuri inayotumiwa na mamilioni ya watu duniani. Mama akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha usiku kucha. Akapewa dawa za kuua viini. Kikohozi hakikupungua. Wiki tatu zilipita kabla ya mimi kukumbuka, nikiwa Nairobi, kwamba mama aliwahi kukohoa hivyo zamani, na kwamba yule muuguzi wa kwanza alimbadilishia dawa. Kikohozi kikavu ni dhara linalojulikana sana la dawa za aina hiyo. Daktari yeyote wa hospitali ya Machakos Level 5 angemweleza kijana yule kwa sentensi moja, lau angekuwa na mahali pa kuuliza na kujibiwa siku hiyohiyo. Na kama ukurasa mmoja wa lile daftari ungekuwa umebaki pale mezani, hata kuuliza kusingehitajika.

Sasa itazame ofisi yako wewe msomaji. Ikiwa unafanya kazi katika benki au kampuni ya bima pale Upper Hill, kuna uwezekano mkubwa kwamba wewe na wenzako mna uwanja wa pamoja wa mtandaoni. Mmoja akiandika taarifa, mwenzake aliye Mombasa anaiona papo hapo, anaisahihisha, na anauliza swali pembeni yake. Mtu akiacha kazi, maandishi yake hubaki. Anayekuja baada yake huingia, akatafuta neno moja, na kuyakuta yote yaliyokwisha kusemwa juu ya jambo hilo. Huu si uchawi, na siku hizi wala si jambo la gharama kubwa. Mashirika yamekwisha kutambua kwamba maarifa yaliyomo kichwani mwa mfanyakazi ni mali, na wahenga walitwambia zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ajabu ni kwamba tumeutengenezea uwanja kama huo ujuzi wa kuuza bima, ilhali ujuzi wa kumzuia mama mjamzito asife kwa kuvuja damu tumeuacha katika madaftari ya jalada la kalenda.

Mtu atanijibu kwamba serikali imekwisha kutoa simu. Ni kweli, na inastahili sifa kwa hilo. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwazindua rasmi wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja wa nchi nzima. Walikabidhiwa mikoba yenye vifaa kama mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima sukari, mizani na kipimajoto, pamoja na simu za kisasa. Kila mmoja alitarajiwa kuzitembelea kaya 100 hivi. Hapo awali watu hawa walikuwa wakijitolea, na katika kaunti nyingi hawakulipwa hata senti moja. Mwezi uliofuata, Oktoba 2023, zilitiwa sahihi sheria kadhaa za afya, mojawapo ikiwa ya huduma za msingi na nyingine ya afya ya kidijitali.

Hata hivyo, chunguza simu ile inafanya nini. Mhamasishaji anaingia katika boma, anapima, anajaza majibu katika programu ya serikali, na majibu yanapanda kwenda juu: kwenye kituo, kwenye kaunti, kwenye wizara. Ni kazi yenye manufaa, kwa maana nchi isiyohesabu wagonjwa wake haiwezi kupanga bajeti ya dawa. Lakini kuhesabu na kufundishana ni mambo mawili tofauti. Takwimu zinapanda mlima. Nani amewahi kuziona zikishuka na jibu mkononi? Mhamasishaji wa Kyangala akigundua njia nzuri ya kumshawishi mzee mkaidi ameze dawa zake za kifua kikuu, programu ile haina kisanduku cha kuandika hilo. Na hata angeliandika, mwenzake wa Muumandu asingelisoma.

Kwa hivyo wamejitengenezea wenyewe. Mbali na simu ya serikali, wahudumu wana simu zao, na katika simu zao mna vikundi vya WhatsApp. Humo ndimo kazi halisi inamoendeshwa. "Jameni, nani ana chanjo ya surua?" "Mtoto ana vipele hivi, niambieni ni nini." "Ambulensi imeharibika, msitume mgonjwa kabla ya saa nane." Sidhani kama kuna mkutano wa maofisa hotelini unaoweza kufundisha mengi kama kikundi kimoja hai cha namna hii.

Tena si maneno yangu matupu. Jirani zetu wa Makueni, ambao ukivuka milima ya Kalama kwenda kusini unakutana nao, walishiriki katika utafiti wa jambo hilihili. Watafiti waliwafuatilia wahudumu wa afya ya jamii wa Makueni na wa mtaa wa Kibera, Nairobi, waliokuwa wakiitumia WhatsApp pamoja na wasimamizi wao kwa miezi sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wahudumu walikuwa wameigeuza WhatsApp kuwa darasa, ofisi na baraza kwa pamoja. Walitumiana picha za kazi na kusahihishana, walitangaza mikutano, na walitiana moyo. Msimamizi ambaye zamani angewaona mara moja kwa mwezi, sasa alikuwa nao kila siku. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo kwa namna ile. Nafasi ilipopatikana waliijaza wenyewe.

Utafiti mwingine wa humu nchini unafaa kukumbukwa, maana ulitumia simu za bei rahisi kabisa. Mwaka 2011, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa katika vituo 107 vya mashambani hapa Kenya. Wakati huo tatizo lilikuwa matibabu ya malaria kwa watoto. Serikali ilikuwa imebadilisha dawa, lakini wahudumu wengi hawakuufuata mwongozo mpya ipasavyo. Watafiti waliwatumia wahudumu jumbe fupi mbili kila siku ya kazi kwa miezi sita, kila ujumbe ukiwa na kipande kidogo cha mwongozo pamoja na msemo wa kuchangamsha. Idadi ya watoto waliotibiwa sawasawa ilipanda kwa alama 23.7 za asilimia. Miezi sita baada ya jumbe kukoma, faida hiyo ilikuwa bado ipo. Wale wanaosema kwamba muuguzi mwenye simu mkononi ni muuguzi anayecheza wangefaa wausome utafiti huo kabla ya kupiga marufuku simu mahali pa kazi.

Kama WhatsApp inafanya kazi, basi, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba WhatsApp ni mto, nasi tunahitaji kisima. Ukiuliza swali zuri saa nne asubuhi, ukajibiwa na daktari saa tano, kufikia jioni jibu lako limefukiwa chini ya tangazo la harambee ya mazishi, maombi ya asubuhi yaliyotumwa na watu wanane, picha ya harusi, na uvumi kwamba maji ya ndimu yanaponya saratani. Mwezi mmoja baadaye mwingine anauliza swali lilelile. Pengine daktari aliyejibu mara ya kwanza amechoka, au amehamishwa. Simu ikiibwa katika stendi ya matatu, ya miaka miwili yaweza kupotea nayo. Na aliyekianzisha kikundi akipata uhamisho na kujiondoa, mara nyingi kikundi hufifia kikafa. Ni lile daftari la jalada la kalenda, isipokuwa sasa linatumia betri.

Huenda ukaona ninalikuza jambo dogo. Kikohozi cha mama yangu kilikwisha, naye yu hai na anapalilia mbaazi zake. Basi nikukumbushe jambo ambalo si dogo hata kidogo.

Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 wenye ugonjwa mkali wa ini walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilijumuisha pia Makueni. Macho yao yalikuwa ya manjano. Walitoka katika familia ambamo watu kadhaa waliugua kwa pamoja. Kumi na wawili wakafa. Madaktari waliochunguza walikuta chanzo katika mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani: yalikuwa yameota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Sampuli moja ya mahindi ilikuwa na sumu kiasi cha sehemu 12,000 kwa kila bilioni. Ili ulinganishe, kiwango kilichokubaliwa Kenya miaka ya baadaye kilikuwa sehemu 20. Madaktari hao walifanya kazi ya kusifika, wakaandika matokeo yao, na mwaka 1982 yakachapishwa katika The Lancet, kule London.

Yakakaa huko London.

Miaka 23 ikapita. Kati ya Januari na Julai 2004, katika Makueni, Kitui, Machakos na sehemu za Thika, watu 317 waliugua ugonjwa uleule kwa sababu ileile, na 125 wakafa. Ulikuwa mmoja kati ya mikasa mikubwa kabisa ya sumu hiyo kuwahi kuandikwa duniani. Ukarudi tena mwaka 2005 na 2006, ingawa kwa makali madogo zaidi.

Sisemi kwamba daftari peke yake lingewaokoa watu 125. Njaa ilikuwepo, mvua ya wakati mbaya ilikuwepo, na mtu mwenye njaa hali mahindi yenye kuvu kwa ujinga bali kwa kukosa mengine. Lakini hesabu pamoja nami. Muuguzi aliyekuwa na umri wa miaka 30 katika wodi za Machakos mwaka 1981 alikuwa karibu astaafu mwaka 2004, kama hakuwa amehamishwa mara tano. Afisa wa kliniki aliyeanza kazi mwaka 2004 alikuwa mtoto mdogo mwaka 1981, kama alikuwa amezaliwa. Maarifa ya kwamba familia nzima ikigeuka macho ya manjano baada ya mavuno yaliyoloa mvua, swali la kwanza liwe juu ya ghala na si juu ya virusi, yalikuwa yamelipiwa kwa roho za watu 12. Je, mhudumu wa zahanati ya mlimani angeyasomea wapi? Katika rafu ya maktaba ya chuo kikuu?

Na mkasa haukuishia kwetu. Mwaka 2016, sumu hiyo iliwapata watu wa Dodoma na Manyara, nchini Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20. Wakamba na Wagogo wanapanda mahindi ya aina moja katika ukame wa aina moja, na wahudumu wa afya wa pande zote mbili wanazungumza Kiswahili. Hata hivyo, hakuna mlango ambao muuguzi wa Kondoa angeweza kuubisha, akasema, "Ninyi wa Machakos, mlifanya nini lilipowafika?"

Hata leo, Kalama yenyewe inapakana na elimu isiyoifikia vizuri. Pale Katumani, ambapo matatu yetu hupita, kuna kiwanda cha kutengeneza Aflasafe, yaani kuvu isiyo na sumu inayonyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili iizidi nguvu ile yenye sumu. Hiyo ni kazi ya watu wa kilimo. Watu wa afya wako wizara nyingine. Mhamasishaji anayeingia katika kaya 100 na kuona mahindi mabichi yamerundikwa sakafuni ndani ya nyumba ndiye mtu wa kwanza awezaye kusema, "Mama, yaanike juu ya turubai, usiyalaze chini, na yenye kuvu usiyachague ukadhani kuyapika kutaondoa sumu, maana moto wa jikoni hauiondoi." Je, nani amemwambia yeye? Na akimwona mbwa wa boma amekufa baada ya kula makombo ya ugali, amwandikie nani, wapi, ili mwenzake wa kijiji cha pili asome jioni hiyohiyo?

Ninachopendekeza si kitu cha kifahari, na sitaki kaunti ya Machakos iajiri mshauri kutoka ng'ambo ili aje atuuzie mfumo wa mamilioni. Nataka ukurasa mmoja wa pamoja wa Kalama, mtandaoni, ambao muuguzi, afisa wa kliniki, mhamasishaji na daktari wa hospitali kuu wote wanaweza kuufungua kwa simu ya kawaida, wakauandika na kuutafuta. WhatsApp ibaki kuwa baraza la mazungumzo. Lakini mazungumzo yakizaa jibu, jibu lihamishwe mahali lisipozama.

Chukua mfano wa nyoka. Tuseme saa mbili usiku mtoto ameumwa na kifutu kwenye matuta ya Muumandu. Mhudumu anahitaji kujua mambo mawili. La kwanza halibadiliki: mtoto atulizwe, mguu usitikiswe, asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba kwa nguvu, asibandikwe jiwe la nyoka, apelekwe hospitali haraka. Hilo liandikwe mara moja, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na pia liwe kwa sauti kwa wale ambao macho hayasomi vizuri usiku. La pili hubadilika kila wiki: ni hospitali gani leo ina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka? Dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali. Familia nyingi Ukambani zimezunguka na mgonjwa kutoka kituo hadi kituo zikiulizia, huku sumu ikifanya kazi yake. Mtu wa stoo ya dawa katika kila hospitali angejaza mstari mmoja tu kila Jumatatu, na mstari huo ungeonekana Kalama nzima. Shirika la Afya Duniani liliuweka umwaji wa nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Sisi tuanze na kujua chupa ziko wapi.

Ukurasa kama huo hauwezi kujilinda wenyewe. Hapa ndipo mipango mingi ya kompyuta hufa, wala si kwa kukosa kompyuta. Awepo mtu, pengine muuguzi mmoja wa kituo kikubwa, ambaye saa zake nne kila wiki zimetengwa rasmi na kulipiwa kwa kazi ya kusoma yaliyoulizwa, kuyaondoa yaliyopitwa na wakati, na kumfuata daktari hadi ajibu. Ikiwa kazi hiyo itatupwa juu ya mtu kama nyongeza ya hisani, baada ya miezi sita utakuta ukurasa una maswali yasiyojibiwa na tangazo la semina iliyokwisha pita.

Na bando ilipwe. Mhamasishaji anayepokea shilingi elfu chache kwa mwezi, ambazo mara nyingine hucheleweshwa, hawezi kuombwa anunue data ya kufanyia kazi ya serikali. Tena kuna makorongo huko Kalama ambamo mtandao hufika ukipanda juu ya jiwe fulani tu, kwa hivyo yaliyo muhimu zaidi yatumwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida pia.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Mhudumu mdogo haulizi swali mahali ambapo mkubwa wake anamwona akionekana hajui. Nimeketi na wauguzi wa kutosha kulijua hilo. Katika kikundi ambacho afisa wa kaunti yumo, watu huandika "Shukrani mkuu" na "Ujumbe umepokelewa". Maswali ya kweli huulizwa katika kikundi cha pili, kile ambacho mkuu hayumo. Kosa lililosemwa wazi linaokoa mgonjwa wa pili, lakini halitasemwa ikiwa malipo yake ni barua ya kujieleza. Basi kaunti itamke kwa maandishi kwamba swali lililoulizwa pale halitatumiwa kumwadhibu mtu. Bila hilo, tutakuwa tumejenga ubao mwingine wa matangazo.

Wakamba wana kielelezo chao cha kale. Mwethya ni kikundi cha kazi: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, na mwenye jembe bora anamwonyesha mwenzake namna ya kulishika. Milima hii ya Machakos ambayo miaka ya 1930 ilihofiwa kwamba ingekuwa jangwa ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na mikono ya namna hiyo. Na kule Kola, tangu mwisho wa miaka ya 1970, Joshua Mukusya na wenzake katika vikundi vya kujisaidia walijenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, mbinu ambayo baadaye wageni wa nchi za mbali walikuja kujifunza. Katika mwethya hakuna anayeficha ujuzi wa tuta, kwa sababu tuta la jirani likibomoka, maji yanashuka shambani kwako.

Wanaodhani mambo haya ni ndoto watazame New Mexico, Marekani, jimbo lenye vijiji vya mbali na madaktari wachache. Mwaka 2003, daktari Sanjeev Arora, mtaalamu wa ini, alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisafiri masafa marefu kumwona, wengine wakifa kabla ya zamu yao. Akaanza kukutana kila wiki kwa video na wahudumu wa zahanati na magereza 21. Kila mmoja alileta kisa chake bila jina la mgonjwa, wakajadiliana wote. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, wagonjwa wa vijijini na magerezani walikuwa wamepona kwa asilimia 58, na wale wa kliniki ya chuo kikuu kwa asilimia 57 na nusu. Mbinu hiyo, inayoitwa ECHO, imefika hata Kenya, hasa kwa wanaotibu UKIMWI. Kwa nini isifike kwenye shinikizo la damu, ugonjwa ambao karibu kila boma la Kalama lina mtu anao?

Bila jina la mgonjwa, nimesema, na narudia. Vikundi vya WhatsApp vya sasa vina picha za vidonda zenye nyuso, kadi za kliniki zenye majina, na hata majibu ya vipimo vya Virusi vya UKIMWI. Wanaozituma wana nia njema, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa za kulindwa zaidi kuliko nyingine, na katika kijiji ambamo kila mtu anamjua kila mtu, kovu la mguu peke yake latosha kumtambulisha mwenyewe. Kaunti ikiwaachia wahudumu wajitafutie njia katika simu zao za binafsi, basi siku siri ya mtu itakapovuja, lawama isimwangukie mhudumu peke yake.

Nirudi kwa mama. Nilipokumbuka habari ya kikohozi, nilimpigia simu yule muuguzi wa kwanza katika kituo chake kipya. Alicheka, akaniambia nisikate simu. Nikasikia droo ikifunguliwa. Alinisomea ukurasa, tarehe kwa tarehe, kisha akaniambia atamtumia yule kijana picha yake. Alifunika majina kwa kiganja cha mkono kabla ya kupiga picha. Kijana alishukuru sana, akambadilishia mama dawa, na akaiweka picha ile katika kikundi cha wahudumu wa upande huo ili wengine nao wafaidike.

Mwezi mmoja baadaye nilimpeleka mama kliniki mwenyewe. Nikamwomba kijana anionyeshe ukurasa ule, kwa kuwa sikuwahi kuuona. Akatoa simu, akaanza kusogeza kidole. Mazishi, maombi, mazishi, mkutano, harusi. Foleni nje ilikuwa ndefu. Alisogeza kidole kwa muda, kisha akairudisha simu mfukoni na kuniuliza kama bado ninayo nambari ya sista.